Mstari wa Kijivu Ndio wa Kuogopwa

Ukilaza ramani mbili za jengo moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, jicho hukimbilia rangi. AutoCAD, iliyopata amri ya kulinganisha michoro katika toleo lake la 2019, huja na mpangilio ambao wasanifu wengi wameshauzoea: kilichomo kwenye faili ulilolifungua peke yake huwa cha kijani, kilichomo kwenye faili la pili peke yake huwa chekundu, na kilichomo kwenye yote mawili huwa cha kijivu. Programu huzungushia tofauti mawingu ili zisikupite. Basi msanifu hufuata wingu baada ya wingu, hapa mlango umehama, pale ukuta wa choo umesogea, na mawingu yakiisha hufunga faili akijiona amemaliza. Ushauri wangu ni kwamba asilifunge bado. Nyekundu na kijani ni mambo ambayo yameshajisema yenyewe. Kinachostahili hofu ni kijivu, kwa sababu kijivu kina maana mbili ambazo skrini haizitenganishi: "nimevitazama vitu hivi na ni sawa", na "sikuvitazama". Nyekundu ya uongo itakupotezea nusu saa ya kukagua kitu ambacho hakikubadilika. Kijivu cha uongo hupita mezani kwako, hupita kwa mhandisi, hupita kwa mkadiriaji majenzi, hufika saiti, na siku kinapogunduliwa zege limeshakauka. Wahenga waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuijua kompyuta, lakini neno lao linaufaa mstari huu kuliko lolote ninaloweza kuliunda.

Chanzo cha kwanza cha kijivu cha uongo ni mkono wa anayelinganisha. Kabla ya kompyuta kuenea, ofisi za usanifu za Marekani katika miaka ya 1970 zilikuwa na mtindo wa kuchora kwa matabaka: karatasi angavu za plastiki, moja ya kuta, moja ya umeme, moja ya mabomba, zote zimetobolewa ukingoni na kupachikwa kwenye bapa lenye pini. Nguvu ya mtindo ule ilikuwa kwenye pini. Mchoraji hakuweza kusogeza karatasi kidogo ili mistari ikae vizuri. Tundu limeshikwa, na mstari ukikosana na mwenzake, basi umekosana kweli. Kompyuta imeturudishia uhuru ambao pini zilitunyima. Katika Archicad, ambayo tangu toleo la 11 la mwaka 2007 inaweza kuweka mchoro wa rejea chini ya ule unaoufanyia kazi, unaruhusiwa kuuburuta mchoro wa rejea na kuuzungusha utakavyo. Uhuru huo una faida zake, na una mtego. Tuseme michoro haikukaa sawa. Mtu anashika kona moja ya jengo, anaiburuta mpaka ikae juu ya kona ya mwenzake, kisha anaendelea na kazi. Chukua jengo ambalo ukuta wake wa mbele umerudishwa ndani milimita 200 ili usiingie kwenye hifadhi ya barabara. Aliyeshika kona ya mbele ataona ukuta wa mbele ni kijivu, uko palepale, na nyumba nzima iliyobaki imesogea mbele. Amelifuta badiliko pekee lililokuwapo, na amebuni mengine hamsini ambayo hayapo. Kusogeza mpaka ifanane ni kutengeneza kijivu kwa mkono.

Kwa hiyo tia pini kwanza, na pini iwe kitu ambacho hakuna mwenye sababu ya kukibadilisha: makutano ya mistari ya gridi ya nguzo, kamwe si kona ya ukuta. Chagua makutano matatu yaliyo mbalimbali na yasiyo kwenye mstari mmoja. La kwanza litaonyesha kama mchoro umehama. La pili litaonyesha kama umezunguka au skeli imebadilika. La tatu litafichua mchoro uliovutika upande mmoja kuliko mwingine, jambo la kawaida kwa ramani za karatasi zilizopigwa skani, maana karatasi iliyokaa miaka kwenye unyevu wa pwani haitanuki sawa kwa urefu na kwa upana. Kabla ya hayo yote uliza vipimo. Mpima ardhi huchora kwa mita, msanifu kwa milimita, na faili likiingizwa kwenye jingine bila kutangaza kipimo chake huonekana dogo mara 1,000, nukta tu pembeni mwa skrini. Hilo angalau hujitangaza. Majiranukta ni shida ya ndani zaidi. Ramani nyingi za upimaji Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, ilhali simu na vipokezi vya setilaiti husoma kwa WGS 84. Sehemu ileile ya ardhi, ikiandikwa kwa mifumo hiyo miwili bila kugeuzwa, hupishana kwa karibu mita 300 upande wa kaskazini na kusini. Hakuna asiyeiona tofauti ya mita 300. Hatari iko kwenye anachofanya mtu baada ya kuiona, yaani kuikokota ramani kwa jicho hadi ikae. Namba zigeuzwe kwanza kwa hesabu, kisha zithibitishwe kwenye bikoni za kiwanja. Na kwa kuwa namba ya kaskazini ya Dar es Salaam kwenye kanda ya ramani ya 37 Kusini huvuka mita 9,200,000, usilichore jengo lenyewe huko mbali, kwa sababu programu za usanifu huyumba zikifanya kazi umbali mkubwa kutoka sifuri. Weka sifuri ya jengo kwenye makutano ya gridi yake, andika mara moja uhusiano wake na majiranukta ya kiwanja, na kila mshirika atumie sifuri hiyohiyo.

Hata pini ikikaa barabara, ramani ya sakafu ni jengo linalotazamwa kutoka juu, na mtu anayetazama kutoka juu haoni kimo. Daraja la Laufenburg juu ya mto Rhine, kati ya Ujerumani na Uswisi, ni somo ambalo kila ofisi inafaa kulijua. Ujerumani hupima kimo kutoka usawa wa Bahari ya Kaskazini, Uswisi kutoka Mediterania, na kati ya sifuri hizo mbili kuna sentimita 27. Wahandisi waliijua tofauti hiyo tangu mapema na wakaiingiza kwenye hesabu, ila kwa alama isiyo sahihi: pale palipotakiwa kutoa, pakajumlishwa. Mwaka 2003, ujenzi ukiendelea kutoka kingo zote mbili, ikaonekana pande mbili zinapishana kwa sentimita 54, na ikabidi marekebisho yafanyike kabla daraja halijakamilika. Ukilaza ramani ya upande mmoja juu ya ramani ya upande wa pili, zikitazamwa kutoka juu, mhimili unaungana na mhimili, ukingo na ukingo. Kijivu kitupu. Nyumba za kawaida zina Laufenburg zake ndogo: kizingiti cha dirisha kilichopandishwa, sakafu ya veranda iliyoshushwa sentimita 15, boriti iliyoongezwa kina hadi ikakaa chini ya kichwa cha mlango. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosogeza mstari kwenye ramani ya sakafu. Ndiyo maana sikubali kwamba ramani za sakafu zimelinganishwa kama michoro ya mkato ya matoleo yaleyale haikulinganishwa pamoja nazo. Angalau mkato mmoja unaopita kwenye ngazi, kwa kuwa ngazi ndiyo inayogusa vimo vyote.

Halafu kuna unene wa mstari wenyewe, jambo dogo linalomeza mambo makubwa. Kalamu ya milimita 0.35 kwenye mchoro wa skeli ya 1:100 hufunika milimita 35 za jengo. Anayelinganisha kwa kulaza karatasi mbili kwenye kioo cha dirisha, au faili mbili za PDF zenye mistari minene, anaweza kuusogeza ukuta milimita 20 na asione hata uzi wa rangi. Picha iliyotolewa kwa nukta 150 kwa inchi ina nukta zenye upana wa milimita 0.17 hivi, ambazo kwa 1:100 ni milimita 17 za ukuta na kwa 1:200 ni 34. Kwa sebule, milimita 30 si kitu. Kwa shimo la lifti, ambalo mtengenezaji ameandika upana wake wa chini kabisa, ni tofauti kati ya lifti kuingia na kutoingia. Basi pale penye kipimo cha lazima usitegemee rangi. Pima kwa namba kwenye matoleo yote mawili, uziandike kando kwa kando.

Programu nazo zina mlango wao wa kuingizia kijivu, na mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaoufungua tukitafuta nafuu. AutoCAD ina kiwango cha usahihi ambacho chini yake vitu viwili huhesabiwa kuwa sawa, na huanza na tarakimu sita baada ya nukta. Kwa usahihi huo mchoro uliopita kwenye programu nyingine na kurudi unaweza kuwaka wekundu kila mahali kwa tofauti zisizopimika kwa utepe wowote, na anayechoshwa na wekundu huo hushusha tarakimu mpaka skrini itulie. Akishusha hadi sifuri kwenye mchoro wa milimita, amesamehe tofauti isiyofika milimita moja, jambo la busara kabisa. Akifanya vivyo hivyo kwenye mchoro wa mpima ardhi uliochorwa kwa mita, amesamehe tofauti inayoweza kukaribia mita nzima, na skrini itamwambia kwa utulivu uleule kwamba mpaka haukuguswa. Maandishi na michoro ya kujazia pia vinaweza kuwashwa au kuzimwa kwenye ulinganishaji. Aliyezima maandishi hataona kwamba "nondo 16" imekuwa "nondo 12". Leya, yaani tabaka la mchoro, iliyofichwa haionekani, na usichokiona huwezi kusema umekilinganisha. Kipimo kilichoandikwa kwa mkono juu ya kipimo halisi ni kibaya kuliko vyote, kwa kuwa mstari unabaki palepale huku namba inayosomwa na fundi ikisema jambo jingine. Na katika programu zinazojenga modeli, mistari miwili ya ukuta wa tofali la milimita 150 na mistari miwili ya ukuta wa zege wa milimita 150 ni mistari ileile. Aliyebadilisha aina ya ukuta amebadilisha uzito, gharama na kazi ya siku kadhaa, na picha iliyolazwa haitasema neno.

Gharama ya badiliko dogo lisiloonekana kutoka juu ilijulikana Kansas City, jimbo la Missouri, tarehe 17 Julai 1981. Katika ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency palikuwa na njia za juu za kupitia watu zilizoning'inizwa kwa fito za chuma kutoka paani. Usanifu wa awali ulitaka fito ndefu moja ishuke kutoka paani, ipenye boriti ya njia ya ghorofa ya nne, iendelee hadi njia ya ghorofa ya pili iliyo chini yake. Kwenye michoro ya kiwandani fito hiyo iligawanywa mara mbili: moja kutoka paani hadi ghorofa ya nne, nyingine ikianzia kwenye boriti ya ghorofa ya nne kushuka hadi ya pili. Ukiangalia kutoka juu, badiliko lote ni tundu la pili kwenye boriti, kando kidogo ya la kwanza. Lakini nati iliyo chini ya boriti ya ghorofa ya nne, ambayo awali ilibeba njia moja, sasa ilibeba mbili. Jioni ile njia zilianguka, watu 114 wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Uchunguzi uligundua pia kwamba hata usanifu wa awali ulikuwa na takriban asilimia 60 tu ya nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi za mji. Jambo hili la mwisho lisitupite haraka. Ingekuwapo programu ya kulinganisha mwaka ule, na mtu angeyalaza matoleo mawili kwa makini yote, upungufu wa awali ungeonekana kijivu, kwa kuwa ulikuwamo kwenye yote mawili. Kulinganisha hukuambia kilichobadilika kati ya jana na leo. Hakukuambii kama jana palikuwa salama, na anayekichukua kijivu kama cheti cha mhandisi amekipa chombo kazi isiyo yake.

Yote hayo ni kuhusu matoleo mawili ya ghorofa moja. Ulazaji una matumizi mengine ambayo nayathamini zaidi, nayo ni kulaza ghorofa juu ya ghorofa ndani ya toleo lilelile. Programu ya Revit huonyesha ghorofa ya chini kwa mistari hafifu nyuma ya ile unayoichora, na unaweza kuchagua itazame kwenda chini au kwenda juu. Hapa ndipo huonekana nguzo iliyokanyaga hewa, choo kilichokaa juu ya jiko, shimo la mabomba linalopanda ghorofa tatu na kupotea ya nne, kichwa cha mpanda ngazi kinachokutana na boriti. Lakini hapa pia kijivu kina ujanja wake. Ramani ya ghorofa ya pili mara nyingi huanza kama nakala ya ghorofa ya kwanza. Nguzo zake zinaangukia nguzo za chini bila kukosea hata unywele kwa sababu ni nguzo zilezile zilizonakiliwa, na hakuna aliyeuliza kama mhandisi amezipunguza unene huko juu, jambo analolifanya kwa kawaida kadiri mzigo unavyopungua. Kufanana huko hakuthibitishi chochote. Ni mchoro mmoja uliolazwa juu ya nafsi yake.

Anayepima nyumba kongwe anafaa kulishika hili kuliko wote. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika Lamu, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene na zisizonyooka, na upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizopatikana. Ghorofa mbili za nyumba ya namna hiyo zikilazwa na kukubaliana kila mahali, mpimaji ana haki ya kumuuliza aliyezichora kama alipanda ngazi kweli. Michoro ya kweli ya nyumba hizo hupishana, na kupishana huko ndiko kunakosema jambo: ukuta wa juu usio na ukuta chini yake huenda uliongezwa baadaye, na pengo kati ya vyumba viwili ambalo haliingii kwenye hesabu ya unene wa kuta ni mahali pa kugonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kuchora chochote zaidi.

Je, kijivu cha kweli kitatofautishwaje na cha uongo? Nina njia mbili ninazozishauri kuliko nyingine zote. Ya kwanza ni chambo. Kabla ya kulinganisha, fanya nakala ya toleo jipya na utie humo makosa machache unayoyajua: sogeza nguzo moja milimita 25, badilisha namba moja ya kipimo, geuza aina ya ukuta mmoja, futa kitu kimoja kwenye leya ya mabomba. Kisha endesha ulinganishaji. Chambo kilichowaka rangi kinakuambia upande huo unaonekana. Chambo kilichobaki kijivu kimekuonyesha, kwa gharama ya dakika kumi, jambo ambalo chombo chako hakioni kwa mipangilio uliyonayo, na sasa unajua ni lipi la kukagua kwa macho na namba. Ya pili ni orodha ya mabadiliko isomwe pande mbili. Wengi huisoma upande mmoja: kila rangi kwenye skrini itafutiwe maelezo kwenye orodha ya msanifu. Huo ni usomaji mzuri, na hunasa mabadiliko ambayo mchoraji hakujua ameyafanya. Lakini usomaji unaofichua kijivu ni ule wa kurudi nyuma: kila mstari wa orodha utafutiwe rangi yake kwenye skrini. Orodha ikisema "mlango wa moto, korido ya mashariki, umebadilishwa" na korido ya mashariki ni kijivu kitupu, basi moja kati ya mawili ni kweli. Ama badiliko halikuchorwa, ama limechorwa mahali ambapo ulinganishaji wako haufiki. Yote mawili unataka kuyajua leo.

Wapo watakaosema haya yalikuwa mashaka ya zama za mistari, na kwamba siku hizi tuna modeli za pande tatu zinazotafuta migongano zenyewe. Naziheshimu modeli hizo, na bomba linalopita katikati ya boriti zitalikuta upesi kuliko mimi. Ila chombo cha kutafuta migongano hutafuta vitu viwili vilivyogombania nafasi moja, na kitu kilichoondolewa hakigombanii nafasi na chochote. Jengo la maduka la Sampoong jijini Seoul, lililoanguka tarehe 29 Juni 1995 na kuua watu 502, lilikuwa limebadilishwa matumizi likiwa mikononi mwa wajenzi; nguzo ziliondolewa kupisha ngazi za umeme, na ghorofa ya tano ikaongezwa. Nguzo isiyokuwapo haina mgongano. Ni toleo la zamani pekee linalokumbuka kwamba ilikuwapo, na ndiyo sababu toleo la zamani lazima lilazwe chini ya jipya, modeli au si modeli. Jambo hilohilo huwajibu wanaotosheka na mawingu ambayo msanifu ameyachora mwenyewe kuzunguka mabadiliko yake: mawingu hayo huonyesha anayoyakumbuka.

Hoja ya muda ni nzito zaidi, na sitaki kuipuuza. Ofisi ya watu watatu yenye miradi minane haiwezi kukagua kila mstari wa kijivu wa kila karatasi kila wiki. Haihitaji. Gharama ya kosa haikutawanyika sawa juu ya ramani; imejikusanya kwenye vitu ambavyo zege likishamwagwa havirudi: nguzo na boriti, shimo la lifti, ngazi, matundu ya mabomba kwenye sakafu za zege, na kimo cha kila sakafu. Anza na hivyo, kwa namba, kila mara, hata kama vyote ni kijivu. Kuta za ndani za tofali na milango ya vyumba vinaweza kuachiwa rangi, kwa kuwa kosa lake litagharimu nyundo na siku mbili. Mwenye nyumba ndogo ya ghorofa moja asiyekuwa na programu ya bei kubwa anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii kwa faili mbili za PDF, moja imefanywa angavu juu ya nyingine, au kwa karatasi mbili kwenye kioo cha dirisha mchana, mradi ameanza na makutano matatu ya gridi na amekumbuka unene wa kalamu.

Rangi zenyewe zisichukuliwe kama zilivyokuja. Kuna watu, wanaume hasa, wasiotenganisha vizuri nyekundu na kijani, na karatasi ya rangi ikipigwa fotokopi ya kawaida kabla ya kupelekwa saiti, nyekundu, kijani na kijivu hurudi kuwa mistari inayofanana kabisa. Badilisha ziwe buluu na chungwa, na toleo moja liwe na mistari ya kukatika ili lijulikane hata bila rangi. Andika kwenye karatasi hiyohiyo majina na tarehe za mafaili mawili yaliyolinganishwa, lipi limewekwa kuwa la sasa, pini ilitiwa wapi, kiwango cha usahihi kilikuwa kipi, na leya zipi zilizimwa. Bila maneno hayo, karatasi ya kulinganisha ikifunguliwa baada ya mwezi haiwezi kuthibitisha chochote kwa mtu yeyote.

Na kuna toleo la tatu ambalo ofisi nyingi hulisahau, nalo ni jengo lenyewe. Ramani iliyo mkononi mwa fundi huenda ni ya matoleo mawili yaliyopita, imekunjwa, imelowa, ina vipimo vilivyosahihishwa kwa kalamu ya wino baada ya mazungumzo ya simu. Ipige picha, usome herufi ya toleo lake, uyaingize masahihisho yake kwenye leya yake peke yake. Kisha pima nondo za nguzo zilizochomoza kwenye msingi, kutoka gridi hadi gridi na kwa mshazari, uziweke kama nukta kwenye leya nyingine, uzilaze chini ya ramani ya ghorofa ya kwanza kabla mbao za zege hazijafungwa. Inahitaji utepe, watu wawili na asubuhi moja.